Waliosimama Dirishani

Kuna sentensi niliitamka nikiwa kidato cha tatu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze. Tulikuwa tumefika fainali za kitaifa za drama. Tulisafiri siku nzima kwa basi la shule, magoti yakafa ganzi, tukaingia kwenye bwalo la shule mwenyeji saa tatu usiku. Mama wa jikoni akanipakulia githeri. Nikaitazama sahani, nikageuka nyuma kuhakikisha wenzangu wananisikia, kisha nikasema: "Hii ni chakula ama ni adhabu?"

Wakaangua kicheko. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliniongezea nusu upawa, akasema, "Songa mbele, mwanangu, wenzako wanangoja." Nilikula vijiko vitatu, kilichobaki nikakimwaga nyuma ya bweni, halafu nikaenda kulala kwenye godoro ambalo mtu fulani alikuwa amelibeba mpaka juu kwa ajili yangu.

Asubuhi nikapanda jukwaani. Igizo letu lilihusu yaya anayenyanyaswa na mwajiri wake. Ndiyo, umesoma vizuri. Na yaya mwenyewe nilikuwa mimi. Nilifunga leso, nikafagia sakafu ya kujifanya, nikalia machozi ya kweli, na kilele kilipofika nikamwambia mwajiri wangu kwamba hata mimi nina jina. Ukumbi ulilipuka. Katikati ya makofi nikaangalia upande wa kulia, kwenye madirisha. Watu watano hivi walikuwa wamesimama nje, mikono kwenye vyuma vya dirisha, aproni bado kiunoni. Yule mama alikuwa mmoja wao, na sweta yake ya rangi ya damu ya mzee. Alikuwa anapiga makofi.

Mimi sikujua jina lake.

Nilianza kusoma historia ya drama ya shule kwa sababu ya dirisha lile. Nilitaka kujua nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe una majibu mengi kuliko nilivyodhani.

Mashindano ya muziki ndiyo ya zamani zaidi; yalianza 1927, wakati huo yakiwa shughuli ya walowezi. Tamasha la drama la shule lilifuata 1959, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa ukumbi wa Kenya National Theatre jijini Nairobi. Shule za Wazungu ndizo zilizotamba, michezo ilikuwa ya Kiingereza, na waamuzi walisikiliza matamshi kama daktari anavyosikiliza kifua. Ukumbi huo ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba. Fikiria hilo kidogo. Mjini watu wanakamatwa kwa malori, na hapo hapo kuna jengo jipya lenye pazia na viti vya kukunja. Huhitaji kumbukumbu za siri kujua ni nani waliokuwa wakivipangusa viti hivyo asubuhi.

Barabara ambayo ukumbi huo uko inaitwa leo Harry Thuku. Ng'ambo ya barabara ni hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904. Machi 1922 wafanyakazi wa mji huu walikusanyika karibu na hapo kudai Thuku aachiliwe. Malalamiko yao yalikuwa ya watu wa kazi: kodi, mishahara iliyopunguzwa, na kipande, ile karatasi ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nayo ndani ya kijisanduku cha chuma shingoni. Mary Muthoni Nyanjiru aliwachochea wanaume waliokuwa wameanza kurudi nyuma. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Kwa hiyo hata kabla ya jukwaa kujengwa pale, mpishi, boi wa nyumbani na mfagiaji walikuwa washasimama kwenye ile barabara kudai waonekane ni watu.

Miaka ya 1970 tamasha lilianza kubadilika sura. Wasambo Were, Mwafrika wa kwanza kulisimamia, anatajwa sana hapa. Michezo ya Kiswahili ikapata nafasi, hadithi zikawa za kwetu, na hatimaye fainali zikatoka Nairobi na kuzunguka nchi. Siku hizi mchujo unaanzia mashinani na kupanda hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa mwezi wa Aprili. Wengi huisimulia hatua hii kama ushindi, na mimi nakubali. Drama ilirudi kwa wenyewe.

Ila kuna kitu hatukukihesabu. Ukumbi wa Nairobi ulikuwa na wafanyakazi wa ukumbi. Tamasha lilipohamia shuleni, kazi ya ukumbi iliangukia watu ambao hawakuwahi kuajiriwa kwa kazi hiyo: wapishi, soja wa getini, mzee wa kukata nyasi, matroni, fundi wa stima. Aprili ni likizo. Wanafunzi wa shule mwenyeji wako nyumbani, lakini jikoni moto unawashwa saa tisa usiku kwa ajili ya wageni kutoka kila pembe ya nchi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fainali hupita wiki nzima, na jembe hatulishiki.

Tena elewa wanalipwa vipi. Mwalimu ameajiriwa na TSC. Mpishi na soja wameajiriwa na shule yenyewe, kupitia ile bodi ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliipa jina la BOM. Mshahara wao unategemea pesa ambazo serikali hutuma kwa kila mwanafunzi pamoja na karo, na pesa hizo zikichelewa, wao ndio wa kwanza kuambiwa wavumilie. Wana chama, KUDHEIHA, ambacho kinaunganisha wafanyakazi wa nyumbani, wa hoteli, wa hospitali na wa shule. Yaani yaya niliyemwigiza na mama niliyemtukana wako kwenye chama kimoja. Hilo nililigundua nikiwa na miaka ishirini na kitu, na nilicheka peke yangu ndani ya matatu, kicheko kibaya.

Nilikuja kuuona upande wa pili nilipojitolea kusaidia kwenye mashindano ya kaunti. Nilipewa beji ya karatasi na mlango mmoja wa kulinda. Kazi yangu ilikuwa rahisi: igizo likianza, mtu asiingie mpaka tukio liishe. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeitwa "wewe", "wewe wa mlango", na "hebu toka hapo". Mwalimu mmoja alinipigia vidole kama anaita kuku. Mwingine, ambaye shule yake ilikuwa imepitisha muda, alimfokea kijana aliyeshika saa, kijana wa chuo ambaye hakulipwa hata nauli, kana kwamba ndiye aliyeitunga saa yenyewe.

Lakini aliyebeba mzigo mkubwa siku hiyo alikuwa mzee wa ufagio. Kama hujawahi kukaa nyuma ya jukwaa, hujui densi bunifu huacha nini: majivu, manyoya, majani ya migomba, maji, mahindi yaliyomwagwa kuonyesha mavuno. Kundi linamaliza, linashuka likiimba, linakumbatiana nje. Mzee ana dakika chache kabla ya wengine kupanda. Mara ya tatu hakuwahi punje zote, na msichana wa shule iliyofuata akateleza mbele ya waamuzi. Unajua nani alilaumiwa? Si waliomwaga mahindi.

Nimeona karatasi nyingi za alama. Zina nafasi ya uigizaji, ya maleba, ya ubunifu, ya ujumbe. Sijawahi kuona yenye nafasi ya jukwaa ulilomwachia mwenzako. Na hapa nitawaudhi walimu wangu wa zamani: tumewafunza watoto kutetea wanyonge kwa dakika walizopewa, tukasahau kuwaambia kwamba muda unaendelea hata baada ya pazia.

Ngoja nikupe na kingine, usije ukadhani ni matanga. Kwenye mashindano yayo hayo kulikuwa na shule moja kutoka Pwani, imealikwa kutumbuiza tu. Wavulana wale walifika kwenye foleni ya chakula, na kila mmoja akasema "Shikamoo, mama." Wapishi wetu ni watu wa bara, shikamoo waliijua ya vitabuni. Wa kwanza akajibu "Ndiyo." Wa pili akasema "Asante sana." Wa tatu alicheka mpaka akaweka upawa chini ajipanguse macho. Walipofundishwa kuitikia marahaba, ikawa mchezo wa jikoni nzima. Usiku huo chapati za wale wavulana zilikuwa mbili mbili. Asubuhi nilimsikia mmoja wao akimwita mpishi mama fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Siku mbili tu, na tayari anajua mtoto wa mtu anaitwaje.

Sisemi ufanye hivyo upate chapati. Ingawa chapati si kitu kidogo.

Kisha ikaja Aprili 2025, Nakuru. Hadithi ya wasichana wa Butere na igizo la Echoes of War unaijua. Unajua kwamba mahakama iliamua waruhusiwe kuigiza, na kwamba tarehe 10 waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka, na nje kukawa na vitoa machozi. Tumelijadili kama suala la uhuru wa kusema, na ndilo. Mimi nilisikiliza zaidi sababu walizotoa wenyewe: walisema hakukuwa na mitambo ya sauti, na hakukuwa na watazamaji. Mswada walikuwa nao. Amri ya mahakama walikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa vile vitu ambavyo siku zote huwepo bila sisi kuuliza nani amevileta: mtu wa kuvuta waya, mtu wa kufungua mlango watu waingie. Ukitaka kunyamazisha igizo, ondoa tu watu tusiowajua majina.

Nilirudi kwenye ile shule. Si kwa sherehe yoyote; nilikuwa napita mji huo kwa kazi, nikashuka stejini, nikapanda boda mpaka getini. Nilikuwa nimenunua leso mbili, nikaziweka chini kabisa ya mkoba maana nilikuwa naona aibu. Soja alikuwa mzee, redio yake ndogo inasoma habari. Nikamwamkia, nikamwambia namtafuta mama mmoja aliyekuwa jikoni zamani, wakati shule iliandaa fainali za drama.

"Anaitwa nani?"

Nikamweleza. Si mrefu. Sweta ya rangi ya damu ya mzee. Anaongea polepole.

Mzee akanitazama kwa huruma. "Sweta hizo tulipewa wote," akasema. "Hao ni wengi. Wengine walistaafu, wengine walienda tu." Akafikiri kidogo. "Waliopo sasa wanapika saa hii. Ukitaka, ingia uwaulize. Lakini andika kwanza."

Akanisukumia kitabu cha wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kilikuwa na safu tano. Nikaandika jina langu. Nikaandika namba ya simu, halafu namba ya kitambulisho, ambacho mzee yule alikiita kipande bila kufikiria. Nikaandika saa ya kuingia. Safu ya mwisho ilikuwa na maneno mawili: Unamwona nani. Nilishika kalamu hapo kwa muda, nyuma yangu boda amezima pikipiki anangoja, kisha nikaandika: jikoni.