Redio ya Babu, Kanda ya Babu na Simu Yangu: Historia Fupi ya Hadhira ya Zagayu

Katika semina zetu za fasihi iko shutuma moja ambayo kila mwaka wa masomo lazima isikike: kwamba sisi wanafunzi wa leo hatusomi, simu zimetuteka. Sikatai. Muhula uliopita niliingia semina ya riwaya nikiwa nimesoma muhtasari wake tu kwenye simu, nikaongea kwa kujiamini mpaka mwenzangu mmoja aliponiuliza mhusika fulani alikufaje. Nikabaki natazama dari. Lakini aibu yangu ni jambo moja, na historia inayotumiwa kunishutumu ni jambo jingine. Historia hiyo hudai kwamba zilikuwapo zama ambazo watu walitulia na vitabu vyao, kisha simu ikaja ikavuruga. Makala hii inakusudia kulihoji dai hilo kwa kupaangalia mahali ninapopajua, Zagayu, upande wa Bariadi, ambako kabla ya mwaka 2012 tulikuwa Mkoa wa Shinyanga na sasa ni Simiyu.

Tuanze na kusoma kwenyewe. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kusoma kwa pamba. Sisemi kwa mafumbo. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Serikali na UNESCO waliendesha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa, na vitabu vyake viliandikwa kufuatana na kazi za wasomaji: vya uvuvi, vya migomba, vya ng'ombe, na kwetu vya pamba. Sentensi za kwanza alizozisoma bibi zilihusu kupanda kwa mstari. Mwaka 1974 likafuata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza. Bibi analikumbuka, na anakumbuka pia kwamba babu alilisokotea tumbaku. Miaka hiyo hiyo, huko Ukerewe, Aniceti Kitereza alikuwa bado anaisubiri riwaya aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka 35 ya kusubiri! Anayeililia enzi ya dhahabu ya kitabu na apige hesabu hiyo kwanza.

Kilichokuwapo kwa hakika ni redio, na redio haikusikilizwa kimya. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga katika vikundi. Kiongozi anawasha redio, kipindi kinakwisha, kijitabu kinasomwa kwa sauti, mjadala unaanza, halafu watu wanakwenda kuchimba vyoo. Mulokozi, katika Mulika ya mwaka 1989, alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Tukilipima kundi lile la chini ya mti kwa mambo hayo sita, tunaona redio ilimwondoa fanani tu. Mengine matano yalibaki palepale.

Na mara nyingine hata fanani alirudi. Mwaka 1993 ulianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Babu Kiswahili kilimpita pembeni, kwa hiyo mama, binti wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi ili jioni zisife katikati ya habari. Mchezo ule ulitungwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na wataalamu waliupima kweli kweli: mtambo wa Dodoma haukuurusha mpaka mwaka 1995 ili wapate eneo la kulinganisha. Ila hawakumpima mama. Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, mama alimtafsiri kwa Kisukuma akawa dereva wa lori la pamba, na lori likawa linapita Bariadi. Babu alimchukia Mkwaju kama mtu aliyemkimbia na deni lake. Sasa tujiulize kama wahakiki: kazi aliyoipokea babu ilikuwa ya nani, ya Dar es Salaam au ya mama? Nimemuuliza mama kama alijua anabadilisha. Akacheka, akasema, "Sasa baba angeelewaje, mwanangu?"

Hapa nafika penye uchungu. Babu mwenyewe alikuwa ningi, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma. Wasiozijua ngoma za Usukuma wajue kwamba Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno wakicheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo limeshinda. Hadhira huhakiki kwa miguu, tena hadharani, na mtunzi aliyekimbiwa huwaona wanaoondoka. (Wanaodhani kuhesabu watazamaji ni ugonjwa ulioletwa na YouTube wafike siku moja.) Mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna mtu alikuja na redio kaseti akamrekodi babu, kanda moja, pande zote mbili. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Mjomba, kijana wa wakati ule, akairekodia kanda ile muziki wa redioni. Kanda tupu ilikuwa hela, na wimbo uupendao ukipigwa huwezi kuuambia usubiri. Nimeisikiliza kanda hiyo. Mwisho wa upande wa pili muziki unakatika, na inabaki sauti ya mtu anakohoa. Naambiwa ndiye babu.

Kwa hiyo simu haikuanza kufuta. Ilikuta mikono imeshazoea. Baada ya kanda zikaja memori kadi, na pale gulioni kijana mwenye kompyuta akawa anakuingizia nyimbo za kina ningi wa leo kwa mamia, nyingi zikiwa na jina la faili lisilomtaja mtunzi. Hilo mimi naliona baya kuliko muhtasari wangu wa riwaya. Wimbo unafika mbali kuliko miguu ya ngoma ilivyowahi kufika, lakini hakuna anayejua amshangilie nani.

Na mimi je? Nikiwa chuoni, bibi hunitumia sauti kwa WhatsApp, dakika tano, dakika saba, salamu za ng'ombe mpaka za majirani. Nazisikiliza kwa spika za masikioni, kitandani, bwenini, wenzangu wanne nao kila mtu na za kwake. Fanani yupo, fani ipo. Mahali hapapo. Bibi anaposema jambo la kuchekesha husubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kuchekewa, na kile kituo chake kinapita bila kitu ndani yake.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini na ikabaki hivyo siku kadhaa. Mimi nilikuwa Zagayu. Siku ya kwanza nilikuwa naishikashika simu kama mtu mwenye upele. Siku ya pili redio ikatolewa nje, majirani wakaja, na taarifa ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Ndipo nikamwomba bibi aimbe wimbo wowote wa babu. Aliimba beti mbili. Ya tatu akaianza, mzee mmoja jirani akamkatiza: sivyo, wewe shemeji, pale alimtaja mpinzani wake kwa jina. Bibi akakataa. Wakabishana karibu nusu saa, kila mmoja akiimba ubeti wake kuthibitisha, na mama naye akaleta wa kwake wa tatu.

Nilirekodi ubishi wote, dakika 34. Nilipomaliza bibi aliniuliza sauti yake imekaa wapi humo. Nikamwonyesha. Akaitazama simu, kisha akamtazama mjomba aliyekuwa ameketi kwenye gogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyu hawezi kuifikia?"