Suluhu ya Mkataba na Ukomo wa Mishahara

Vijana wa Ilomba, hapa jijini Mbeya, ambao hukesha wakifuatilia ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani kwa simu zao, kwa kuwa usiku wetu wa manane ndio jioni ya huko, wamezoea kuuliza swali ambalo kurasa zetu za michezo hazijalijibu sawasawa: ikiwa timu imekwisha kuachana na mchezaji, naye amekwisha kuvaa jezi ya timu nyingine, yawaje jina lake liendelee kuhesabiwa katika mishahara ya timu aliyoihama? Mmoja wao, kijana dereva wa bajaji, aliniambia kwa mshangao, "Shikamoo mzee. Hivi mkataba si umeshavunjwa? Sasa wanamlipa nini tena?" Swali lake ni la haki, na kosa si lake hata kidogo. Kosa ni la neno tulilompa sisi waandishi, maana mtu akiambiwa kwamba kitu kimevunjwa ana haki ya kudhani kwamba kimekwisha.

Kabla ya kulihukumu neno hilo, sharti kwanza tuufahamu ukomo wa mishahara, ambao ni kiasi cha fedha kiwekwacho na ligi kila msimu, na ambacho jumla ya mishahara ya wachezaji wa timu moja haitakiwi kukipita ila kwa ruhusa zilizotajwa bayana katika mapatano baina ya wenye timu na chama cha wachezaji. Neno ukomo halikuzushwa uwanjani. Kila diwani na kila mweka hazina wa halmashauri hulitumia asemapo ukomo wa bajeti, nalo lafaa hapa kwa maana ile ile. Ligi ya NBA iliuanza ukomo huu katika msimu wa 1984-85, ulipokuwa dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Kufikia msimu wa 2018-19 ulikuwa takriban milioni 101.9, kwa sababu hukadiriwa kwa mapato ya ligi, na mapato hayo yalikua mno kwa fedha za televisheni. Timu yaweza kuupita ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe, au kumsajili mtu kwa mshahara wa chini kabisa, lakini ikitaka kumleta mchezaji mkubwa aliye huru kutoka nje yahitaji nafasi chini ya ukomo, na nafasi hiyo huliwa na kila dola iliyoandikwa daftarini, iwe ni ya mtu achezaye au ya mtu aliyekwenda zake.

Mintarafu ya mikataba yenyewe, iko iliyodhaminiwa, ambayo fedha zake sharti zilipwe hata mchezaji akiachwa, na iko isiyodhaminiwa, na tafauti hii ndiyo mlango wa maneno yote yafuatayo. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, wa kwanza wa taifa hili kuingia katika ligi ile, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, alipelekwa Philadelphia mwezi Agosti 2014 akiwa na mkataba wa msimu mmoja wenye thamani ya dola milioni 1.25 ambao haukudhaminiwa. Na baada ya siku chache tu, Septemba 1, Philadelphia ikamwacha. Hapakuwa na mapatano ya kutafuta, wala fungu la kusamehewa, kwa kuwa hapakuwa na deni. Huko ni kuachwa, na Kiswahili hakihitaji neno jingine zaidi ya hilo.

Sasa na tumtazame Luol Deng, mzaliwa wa Wau katika nchi ambayo leo ni Sudani Kusini, aliyekimbilia Misri na familia yake na kukulia London. Mwezi Julai 2016, katika kiangazi kile ambacho ukomo uliruka kutoka dola milioni 70 hadi zaidi ya milioni 94 kwa mkupuo mmoja, na timu zikawa na fedha kuliko busara, Los Angeles Lakers walimwandikia mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 72. Katika msimu wa pili alicheza mchezo mmoja tu, si kwa ugonjwa wala kwa utovu wa adabu, bali kwa sababu timu ilikuwa imeamua kuwalea vijana. Naye, kwa heshima aliyojaliwa, alikaa benchi na mazoezini pasipo makelele. Mkataba wake ulikuwa umedhaminiwa, na miwili kati ya miaka yake ilikuwa imebaki, yapata dola milioni 36.8. Lakers wasingeweza kumwacha kama Thabeet alivyoachwa, ila kwa kuzilipa fedha hizo zote.

Septemba 1, 2018, pande mbili ziliafikiana: Deng alisamehe dola milioni 7.5, naye akawa huru kwenda apendako, na katika mwezi ule ule akajiunga na Minnesota kwa mshahara wa chini wa wachezaji wa siku nyingi. Fungu la msimu wa 2018-19 lilibaki katika hesabu ya mwaka huo huo, likiwa limepunguzwa. Lakini fungu la msimu uliofuata, ambalo baada ya msamaha lilibaki yapata milioni 15, halikuhesabiwa kwa mwaka mmoja, bali lilitandazwa juu ya miaka mitatu, kwa kiasi cha milioni 5 kila mwaka. Kwa hiyo katika kiangazi cha 2019, Lakers walipokuwa wakisaka wachezaji wa kucheza na LeBron James, jina la Deng liliwagharimu milioni 5 tu chini ya ukomo badala ya 18.8, na tafauti hiyo ya karibu milioni 14 ndiyo iliyokuwa shabaha ya jambo zima. Ubingwa waliupata mwaka 2020. Lakini deni lilidumu hadi mwisho wa msimu wa 2021-22, wakati ambapo Deng alikuwa amekwisha kustaafu, naye alikuwa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudani Kusini, akiijenga timu ambayo baadaye ilicheza Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris.

Jambo hili lina jina gani kwa Kiswahili? Watangazaji wengi husema kuvunja mkataba, na wengine, kwa kuifuata lugha ya kigeni neno kwa neno, husema kununua mkataba. Yote mawili hayanitoshelezi. Kununua kwamfanya msikilizaji adhani kwamba iko timu nyingine iliyotoa fedha ili kumpata mchezaji, ilhali hapa hakuna mnunuzi: timu yalipa fedha ili isiwe na mtu. Na kuvunja kuna aibu ndani yake. Mkataba huvunjwa na mwenye kukiuka, na msomaji wa Tanzania, alisikiapo neno hilo, hukumbuka mara moja shauri la Feisal Salum na klabu ya Yanga. Mwezi Desemba 2022 mchezaji huyo wa Zanzibar alitaka kutoka kwa kuweka shilingi milioni 112, yaani milioni 100 kwa mujibu wa kifungu alichokitegemea, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu; Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na mambo hayakutulia hadi klabu hiyo ilipokubaliana na Azam mwezi Juni. Pale aliyetoa fedha ni mchezaji, na aliyekataa ni klabu. Kwa Deng ni kinyume kabisa: klabu ndiyo ilipayo, mchezaji ndiye asameheye, na wote wawili wameridhia.

Wako walioniambia, na hoja yao ina uzito, kwamba watu wa pwani wana neno lililokwisha kukomaa, nalo ni khuluu, ambayo kwayo mke hujivua katika ndoa kwa kumrudishia mume mahari au kitu kingine walichopatana. Nimelifikiri sana neno hili, kwa sababu ndani yake mna uhuru upatikanao kwa kuachilia mali, nao ndio uliomfikisha Deng Minnesota. Lakini khuluu ikipita, mume hana tena mahari ya kudaiwa kwa ndoa ile, ilhali Lakers waliendelea kumlipa Deng na kumhesabu miaka minne baada ya kuagana naye. Khuluu yamfaa Feisal kuliko Deng, kwa kuwa yeye ndiye aliyenyoosha mkono na fedha akitaka kujivua.

Neno ninaloliona kuwa sahihi ni suluhu ya mkataba. Katika sheria ya madeni, kama mafakihi walivyoifundisha na kama wafanyabiashara wa mwambao walivyoitenda, suluhu yaweza kuwa ni maafikiano ambayo kwayo mwenye kudai husamehe fungu la haki yake, na mdaiwa hubaki na wajibu wa kulipa lililosalia kwa muda waliokubaliana. Hapo yamo yote tuliyoyatafuta: ridhaa ya wawili, msamaha wa sehemu, na deni ambalo halikufa. Kijana wa bajaji angeambiwa kwamba Lakers wamefanya suluhu na Deng, asingeuliza kwa nini bado wanamlipa. Angeuliza tu ni kiasi gani na hadi lini, nayo ndiyo maswali ya mtu aliyekwisha kufahamu.

Kando ya suluhu kuna kitendo cha pili, ambacho aghalabu huchanganywa nayo, nacho ni kutandaza deni. Kanuni yake ni kuizidisha mara mbili miaka iliyobaki katika mkataba, kisha kuongeza mmoja. Timu ikimwachilia mchezaji kabla ya Septemba yaweza kutandaza hata fungu la msimu unaoingia. Ikingoja hadi Septemba 1, kama walivyongoja Lakers, fungu la msimu huo hubaki mahali pake na yale ya baadaye tu ndiyo yatandazwayo, ndiyo maana mwaka mmoja wa Deng ukawa mitatu. Mwezi Julai 2025 Phoenix Suns walifanya suluhu na Bradley Beal, aliyekuwa amebakiza miaka miwili katika mkataba wake. Akasamehe dola milioni 13.9, na zilizosalia zikatandazwa juu ya miaka mitano, yapata milioni 19.4 kila mwaka, hadi msimu wa 2029-30. Beal akaenda Los Angeles Clippers. Mimi naiona hatua hiyo kuwa nzito mno kwa timu, kwa sababu yapunguza mzigo wa leo kwa kuwatwisha viongozi wa kesho, ambao yamkini hata hawakuwapo walipopatana.

Basi nawaomba wahariri wa kurasa za michezo, na watangazaji ambao sauti zao hufika hata kwenye vibanda vya Ilomba, waliache neno kuvunja kwa ajili ya mikataba iliyokiukwa, waseme kuachwa pale ambapo hapakuwa na dhamana, na wasemapo suluhu ya mkataba wasikomee hapo, bali wataje mchezaji amesamehe kiasi gani, na deni lililobaki litahesabiwa chini ya ukomo hadi msimu upi.