Kipimo na Mpimaji

Msomaji mpendwa, ukisimama katikati ya Nairobi, mahali Uhuru Highway inapokutana na University Way, utayaona majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika chuo hicho vijana wa Kenya hujifunza saikolojia, yaani elimu ya nafsi na akili za watu. Usidhani kwamba elimu hiyo ilianza humo. Akili za watu zilipimwa Nairobi kabla chuo hicho hakijakuwako, na wapimaji walikuwa wageni. Habari zao zina fundisho kwa kila mtu afanyaye mtihani, na kwa kila mtu amtahiniye mwenziwe.

Mwanzo wa miaka ya 1930, tabibu mmoja wa Kenya, Dakta H. L. Gordon, alishika shauri kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile. Mwenziwe, Dakta F. W. Vint, alipima bongo za maiti, na mwaka 1934 akatangaza kuwa ni nyepesi kuliko za Wazungu. Lakini uzito wa ubongo hufuata kimo cha mwili, chakula na maradhi. Tena, hakuna mizani ipimayo fikira.

Siku zile zile, huko Kabete, magharibi ya mji, palikuwa na Jeanes School, iliyofunza waalimu. Hapo alifanya kazi R. A. C. Oliver, mtaalamu wa saikolojia, aliyetunga jaribio la akili kwa Waafrika, likachapishwa mwaka 1932. Yeye alikuwa mwenye hadhari. Alionya kwamba tofauti ya alama si ushahidi wa tofauti ya maumbile, ikiwa watoto hawakulelewa wala hawakusomeshwa kwa hali moja.

Onyo hilo halikutiwa maanani sana. Mwaka 1938 Dakta J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, hali hajasomea uganga wa akili. Wagonjwa aliowaona humo wakawa kioo chake cha kuwatazamia Waafrika wote. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika afanana na Mzungu aliyekatwa ubongo wa mbele. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapa kitabu chake, na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapa andiko lake juu ya Mau Mau. Watu walidai ardhi na uhuru. Yeye alitia mkazo katika matatizo ya nafsi za Wakikuyu. Aliunga mkono pia mpango wa kuwakusanya watu vijijini, na zaidi ya watu milioni moja walihamishwa makwao. Waona basi, msomaji, kwamba kosa la mtaalamu halibaki kitabuni. Hutoka likabomoa nyumba za watu.

Baada ya uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1966 John na Beatrice Whiting, wataalamu kutoka Marekani, walianzisha katika chuo cha Nairobi kazi ya kuchunguza makuzi ya watoto. Wanafunzi wa Kenya walishiriki uchunguzi huo katika jamaa zao wenyewe, kwa lugha za nyumbani. Ukiipita Kabete na kuendelea kupanda, utafika Ngecha, kijiji kilichochunguzwa hivyo kati ya mwaka 1968 na 1973. Watoto walitazamwa wakilea wadogo zao, wakiteka maji na kuchunga mifugo. Swali halikuwa tena, "Wamepungukiwa na nini?" Likawa, "Wanajifunza nini?" Mwaka 1970 chuo kile kikawa chuo kikuu kamili.

Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Mimi ni mwalimu wa waalimu, nami nakiri kwamba niliwahi kumwita mtoto mzito wa akili, kumbe ni lugha ya swali langu iliyomshinda. Kipimo changu ndicho kilichokuwa kizito.

Kwa hiyo, usikiapo kwamba watu fulani hawana akili, uliza mambo matatu: Ni nani aliyepima? Aliwapima watu gani? Jibu alilipata baada ya kupima, au alikuja nalo mfukoni? Na siku utakapokuwa wewe mwenye kushika kipimo, jiulize hayo kwanza.