Chakula cha Vitani: Kopo Lililobaki na Unga Uliokwisha

Wapo watu wanaokusanya chakula cha vitani kama wengine wanavyokusanya stempu au sarafu. Hununua makopo ya nyama ya Vita Kuu ya Kwanza, vifurushi vya Wamarekani vya wakati wa vita vya Vietnam, biskuti za Waingereza na chokoleti za Wajerumani, wakavipanga kabatini kwa nchi na kwa mwaka. Baadhi yao hawaishii kutazama. Hufungua kopo linalowazidi babu zao kwa umri, wakalinusa, wakaonja, kisha wakaandika walichokikuta.

Muhula uliopita sisi wanachama tuliamua kulichukua jambo hili kama somo la historia. Tulisoma, tukajadiliana, na jioni moja tukaonja vifurushi vitatu vya siku hizi: cha Marekani, cha Uingereza na cha Ufaransa. Tulidhani tutabishana kipi kitamu, na kweli tulibishana. Lakini swali lililotubakia lilikuwa jingine: katika vita, chakula cha nani ndicho kinachoweza kukusanywa?

Historia ya kopo na historia ya majeshi zimefungamana tangu mwanzo. Nicolas Appert, mpishi na mtengeneza peremende wa Ufaransa, aligundua kwamba chakula kikifungiwa ndani ya chupa isiyopitisha hewa, kisha kikachemshwa kwa muda mrefu, hakiozi. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze siri yake, naye akaiandikia kitabu. Kwa nini chakula hakikuoza, hakujua. Louis Pasteur, ambaye baadaye angeeleza habari za vijidudu, alikuwa hata hajazaliwa. Mwaka huohuo Peter Durand alipewa hataza huko Uingereza ya kutumia mkebe wa bati badala ya chupa. Kufikia 1813 kiwanda cha Bryan Donkin kilichokuwa Bermondsey, London, kilikuwa kikiliuzia jeshi la majini nyama ya kopo. Cha kuchekesha ni kwamba kifungulio cha kopo kilichelewa kwa zaidi ya miaka 40. Muda wote huo watu walitumia patasi na nyundo.

Karne ya 20 chakula cha askari kikawa kazi ya wataalamu. Mwaka 1937 Kapteni Paul Logan wa jeshi la Marekani alikiendea kiwanda cha Hershey akitaka chokoleti ya dharura: iwe na uzito wa gramu 113 hivi, itoe kalori 600, isiyeyuke kwenye joto, na ladha yake iwe nzuri kidogo tu kuliko ya kiazi kilichochemshwa. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la makusudi. Chokoleti ikiwa tamu, askari ataila siku ya kwanza, na siku ya shida mfuko utakuwa mtupu. Baadaye mwanasayansi Ancel Keys alisaidia kubuni kifurushi kilichoitwa K, chenye visanduku vitatu vya asubuhi, mchana na jioni, na ndani yake mlikuwa na sigara pamoja na chakula. Kuanzia miaka ya 1980 Wamarekani wakaacha makopo na kutumia mifuko laini wanayoiita MRE.

Hiyo MRE ndiyo tuliyoanza nayo. Ni mlo mmoja wa kalori 1,250 hivi, na una mfuko wa kupashia moto usiohitaji kiberiti: unatia maji kidogo, unga wa magnesi na chuma uliomo unachemka, na chakula kinapata joto. Kifurushi cha Uingereza ni cha saa 24 na kina chai, jambo lililokipatia kura za watu wa pwani papo hapo. Cha Ufaransa nacho ni cha saa 24. Kina vyakula viwili vikuu, biskuti na jiko dogo la kukunja. Tuliona kila jeshi limefungasha kidogo cha nyumbani kwake. Mtu anayeitengeneza orodha ya namna hiyo anamfikiria askari kuwa ana mama, ana mezani kwao, ana kitu anachokikumbuka akiwa mbali. Hilo tuliliandika daftarini, na baadaye tulilirudia.

Vile vya zamani hatukuvigusa, na hatumshauri mtu avionje. Ni kweli kwamba chakula cha kopo kinaweza kudumu kupita tunavyodhani. Meli ya Bertrand ilizama katika mto Missouri mwaka 1865, ikafukuliwa mwaka 1968. Mwaka 1974 wataalamu wa kemia walipima makopo yaliyotolewa humo, yakiwemo ya chaza na nyanya, wakakuta kwamba vijidudu havikuwa vimeota ndani yake, ingawa rangi na harufu vilikuwa vimepotea pamoja na sehemu kubwa ya vitamini C. Lakini hayo yalikuwa makopo yaliyolala kwenye ubaridi wa tope, na waliyoyapima walikuwa na maabara. Kopo lililopata tundu dogo kama ncha ya sindano, au ambalo halikuchemshwa vya kutosha tangu kiwandani, linaweza kuwa na sumu ya botulini, na sumu hiyo haionekani wala si lazima inuke.

Kati ya vyote tulivyosoma, biskuti ya askari wa Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyotushika zaidi. Ilitengenezwa kwa unga, maji na chumvi, na ilikuwa ngumu kiasi kwamba askari waliiloweka au kuiponda kabla ya kuila. Wengine hawakuila. Waliichora, wakaiandikia anwani, wakaibandika stempu na kuituma nyumbani kwa posta. Wengine waliitoboa katikati wakatia picha ya mchumba. Biskuti hizo zimo kwenye makumbusho ya Uingereza hadi leo, baadhi yake zikiwa na jina la aliyeituma na aliyetumiwa. Zimepita miaka zaidi ya 100, na bado tunajua fulani alikuwa na njaa ya kumwona nani.

Vita hivyohivyo vilipiganwa Afrika Mashariki, kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa upande wa Wajerumani aliposalimu amri Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo kwa maelfu, na barabara hazikuwapo. Kwa hiyo kila risasi, kila hema na kila kopo la nyama vilibebwa vichwani mwa watu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Kongo na kwingineko. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, hasa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu.

Chakula chao kiliitwa posho. Neno hili lilikuwapo kabla ya vita hivyo. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, posho ilikuwa haki ya mpagazi, ikipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku, au akipewa kitambaa au shanga za kununulia chakula njiani. Jeshi la Waingereza likaichukua desturi hiyo, ila sasa mpagazi hakuwa mtu wa mkataba wa hiari. Wengi walikamatwa au kutolewa na machifu kwa amri. Posho yenyewe ilikuwa hasa unga wa mahindi. Ulipatikana kwa wingi, ulikuwa rahisi kununuliwa, na wakuu wa jeshi waliona unamfaa kila Mwafrika. Haukumfaa kila mmoja. Watu waliozoea ndizi, mtama au wali walipewa unga usiosagwa vizuri, wakatakiwa waupike jioni baada ya kutembea kutwa, mara nyingi kwenye mvua, bila sufuria za kutosha wala kuni kavu. Waliula ukiwa nusu mbichi, na matumbo yao hayakuustahimili.

Ifuatayo ni hesabu tuliyoifanya wenyewe. Chukua mpagazi mmoja mwenye mzigo wa unga wa kilo 25, anayekula kilo moja kwa siku. Akienda tu bila kurudi, mzigo wote unakwisha siku ya 25, ameula mwenyewe. Akitakiwa kurudi, siku ya 12 lazima ageuke, na hapo hana chochote cha kumkabidhi askari aliyeko mbele. Kwa hiyo ili unga umfikie mtu wa mstari wa mbele, ilihitajika safu ya wapagazi wanaowalisha wapagazi. Jeshi lilivyozidi kusonga kusini mbali na reli, safu ilirefuka, na posho ndiyo iliyopunguzwa kwanza.

Tulijaribu pia kuipika posho hiyo kwa kufuata tulichokisoma. Tulichukua dona iliyosagwa kwa chembe kubwa, chumvi, na maharage makavu ambayo hayakulowekwa. Tukajipa saa moja, maana mpagazi aliyefika kambini jua linazama hakuwa na zaidi ya hapo kabla ya usingizi kumwangusha. Unga wa kilo moja si haba. Ulitupa ugali wa kushibisha watu kadhaa. Lakini kwa saa hiyo maharage yalibaki kama kokoto, na ugali ulikuwa unakwaruza meno. Tulikuwa na gesi, sufuria nzito na paa juu ya vichwa vyetu. Kwenye karatasi, posho ilitosha kwa uzito. Karatasi ile haikutaja moto, maji wala muda. Aliyeipanga hakumfikiria mlaji kuwa ana kwao.

Na njaa haikuishia kambini. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa vijijini. Huko Ugogo, katikati ya Tanzania, ukame ulipoingia ulikuta ghala tupu. Njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuua watu 30,000 hivi.

Sasa turudi kwenye kabati la mkusanyaji. Humo utapata kopo la nyama la askari wa Uingereza na biskuti yake. Huwezi kupata posho ya mpagazi. Haikuwa na kopo, haikuandikwa jina la kiwanda, na iliyobaki ililiwa na mende au kumwagika njiani. Mkusanyaji hana hila, anakusanya kilichopo. Lakini anayejifunza vita kwa kuonja makopo peke yake ataamini kwamba vita hivyo vililiwa kwa kopo.

Majina nayo yamefuata njia ileile. Mwaka 2021 ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina mpagazi pembeni mwa askari, lakini mpagazi huyo hana jina.

Walichoachiwa wapagazi kimo ndani ya lugha. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na Nairobi nayo ina Kariokor yake. Posho imekuwa mbunge kulipwa kikao huko Tanzania, na Uganda imekuwa ugali wenyewe unaopakuliwa shuleni. Keya, lililotokana na herufi za K.A.R., lilikuwa jina la askari wa mfalme wa Uingereza. Maneno haya ndiyo makopo yetu, na tofauti yake ni kwamba hayajifungui yenyewe. Lazima mtu aulize.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama na walimu wetu kitu kimoja kabla ya muhula ujao. Unapopiga simu nyumbani, iwe Tanga, Kisumu, Goma au Maskati, muulize mkubwa wa ukoo mambo matatu: nani kwetu alikwenda na keya au kariakoo, alirudi au hakurudi, na alisimulia walikula nini. Liandike jibu kwa maneno yaleyale aliyoyatumia, pamoja na jina la aliyekwenda. Chama kitayatunza majibu hayo. Wajukuu waliomwona kwa macho mtu aliyerudi wamebaki wachache, na wenyewe wana umri mkubwa.