Dereva wa Kujitolea Katika Nchi ya Ugeni

Chama chetu kipo ili mtu aliye mbali na kwao asiugue peke yake, wala asizikwe kama asiye na jamaa. Kwa hiyo twaona yafaa kuzisimulia hapa habari za vijana wa Kimarekani waliovuka bahari kwenda Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, kuendesha magari ya majeruhi.

Vita vilianza mwaka wa 1914, na Marekani haikuingia vitani hata Aprili 1917. Vijana hao basi hawakushurutishwa na mtu. Mwaka wa 1915 A. Piatt Andrew, aliyepata kuwa mwalimu wa elimu ya uchumi huko Harvard, alipatana na jeshi la Ufaransa kwamba magari yao yaruhusiwe kufika karibu na mapigano. Kikosi chao kiliitwa American Field Service. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu, nao walijilipia nauli ya meli na mavazi, wakaahidi kutumika miezi sita, pasipo mshahara ila posho ndogo ya askari.

Gari lao lilikuwa Ford ndogo, yenye kuchukua majeruhi watatu waliolala au wanne walioketi. Madereva walio miongoni mwetu watastaajabu. Liliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele, na petroli ilishuka yenyewe kutoka tangi lililo chini ya kiti. Hivyo mlima ukizidi ukali petroli haikufika kwenye injini, na dereva hakuwa na hila ila kugeuza gari na kuupanda kinyumenyume. Wakati wa baridi kuu maji ya rejeta yaliganda, ikabidi yamwagwe kila jioni, au mtu aamke usiku kuwasha injini. Hata hivyo, katika milima ya Vosges, ambako majeruhi walikuwa wakibebwa na nyumbu, gari hilo jepesi lilipita.

Kazi kubwa ilikuwa usiku, bila taa, maana adui akiona mwanga alitupa kombora. Nyuma ya dereva walilala watu waliovunjika mifupa, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alisikia vilio vyao. Akienda mbio aliwatesa; akienda polepole huenda mmoja akafa njiani. Jambo hili aliliamua peke yake, gizani, mara nyingi katika usiku mmoja, naye pengine ni kijana asiyeijua vema hata lugha ya hao aliowabeba. Barua kutoka kwao ilikuja kwa meli, majuma mengi baadaye.

Richard Hall, kijana aliyehitimu chuo cha Dartmouth mwaka ule ule wa 1915, alikuwa akipanda mlima usiku wa kuamkia Krismasi kwenda kuwachukua majeruhi. Kombora lilipiga gari lake akafa papo hapo. Alizikwa Moosch, katika makaburi ya askari wa Kifaransa, na jina lake lingali likisomwa huko.

Hapa wazee watauliza: na wa kwetu? Wakati huo huo, katika Afrika Mashariki, majeruhi wengi hawakuona motokaa. Walichukuliwa kwa machela mabegani mwa watu. Hao walikuwa wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariakor. Wengi wao hawakuulizwa kama wapenda kwenda. Walikamatwa kwa amri. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na upungufu wa chakula kuliko kwa risasi. Sisi hatumpunguzii yule Mmarekani sifa yake, lakini mzigo wa hiari na mzigo wa shuruti haupimwi kwa mizani moja.

Tena, mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina mahali popote.

Basi, mzee yeyote ambaye katika ukoo wake yuko aliyekwenda Kariakor asirudi, twamwomba alilete jina hilo kwa katibu, pamoja na jina la baba yake, kijiji chake na rika lake, liandikwe katika daftari la chama.