Sheria za Marekani ni zipi? Mambo ya kujua kabla ya kusaini mkataba na mnunuzi wa huko

Katika kipindi chetu cha biashara nilisoma hewani kipande cha mkataba alichotutumia mwanafunzi mmoja wa stashahada ya biashara. Kijana huyo anakisaidia kikundi cha wakulima wa kahawa ambacho baba yake ni mwanachama, na mnunuzi aliyewatafuta yuko Marekani. Kifungu kimoja kilisema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za Jimbo la New York. Mimi nikakitafsiri harakaharaka: "kwa sheria za Marekani."

Wimbo uliofuata haujaisha, wakili mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, akapiga simu. "Kaka, hapo umewapoteza watu. New York siyo Marekani."

Alikuwa sahihi, ndiyo maana naandika makala hii. Mwanafunzi atakayelielewa jambo hilo moja ameshaelewa karibu nusu ya somo.

Nchi moja, sheria nyingi

Sisi Watanzania tuna mfano mzuri nyumbani. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria zake na ina Mahakama Kuu yake, huku mambo ya Muungano yakiwa yameorodheshwa kwenye Katiba. Sasa piga picha ya nchi yenye Zanzibar hamsini. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, gavana wake, mahakama zake mpaka ile ya juu kabisa, na sheria zake za mikataba, ardhi, ndoa na kampuni.

Katiba yao iliandikwa mwaka 1787, nayo inataja mambo ambayo serikali ya shirikisho inayasimamia: sarafu, ulinzi, hataza, ufilisi, na biashara kati ya jimbo na jimbo au na nchi za nje. Marekebisho ya mwaka 1791 yakaongeza kwamba mamlaka ambayo serikali hiyo haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Mikataba ya kawaida ya kuuziana ikabaki huko.

Mpaka kati ya pande hizo mbili umegombaniwa tangu zamani. Kesi wanayofundishwa wanafunzi wengi wa biashara ni ya meli za mvuke. Jimbo la New York liliwapa watu wawili haki ya peke yao ya kuendesha meli hizo kwenye maji yake. Aaron Ogden akanunua kibali kutoka kwao. Thomas Gibbons akaja na leseni ya serikali ya shirikisho, akawa anabeba abiria kati ya New Jersey na New York. Ogden akamshtaki. Mwaka 1824 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa ushindi Gibbons: biashara inayovuka mipaka ya majimbo iko chini ya Bunge la shirikisho, na sheria ya jimbo ikigongana na ya shirikisho, ya shirikisho ndiyo inashinda.

Mahakama ipi?

Ziko ngazi mbili zinazokwenda sambamba. Upande wa shirikisho kuna mahakama za wilaya 94, juu yake mahakama za rufaa 13, halafu Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Majaji hao huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na hukaa mpaka wafe, wastaafu au waondolewe kwa utovu wa maadili. Upande wa majimbo, kila jimbo lina utaratibu wake. Yako majimbo ambako majaji wanagombea na kupigiwa kura kama madiwani, jambo ambalo kwangu mimi bado ni la ajabu.

Mtu wa nchi ya nje akidaiana na Mmarekani, kesi inaweza kusikilizwa kwenye mahakama ya shirikisho endapo kiasi kinachobishaniwa kinazidi dola 75,000. Chini ya hapo, deni la kawaida la kahawa linabaki kwenye mahakama ya jimbo. Na hata likifika mahakama ya shirikisho, jaji hatumii sheria ya mikataba ya "Marekani". Tangu uamuzi wa mwaka 1938 katika kesi ya Tompkins na kampuni ya reli ya Erie, jaji wa shirikisho katika kesi za namna hiyo anatumia sheria ya jimbo husika.

Kwa hiyo kwenye mkataba tafuta majibu mawili tofauti: sheria ya wapi, na mahakama ya wapi. Kifungu alichotutumia yule kijana kilijibu la kwanza tu.

Maneno ya mdomo yanatosha?

Wenyeji wa Kagera wanaijua butura: kahawa inauzwa ingali mtini, kwa makubaliano ya mdomo, na mkulima ndiye anayeumia. Sheria za mauzo za Marekani nazo zinayaogopa maneno ya mdomo. Uko mwongozo mmoja wa sheria za biashara ulioandaliwa ili majimbo yafanane, na karibu yote yameupitisha. Louisiana, yenye urithi wa sheria za Kifaransa, iliiacha sehemu ya mauzo ya bidhaa. Kwa mwongozo huo, mauzo ya bidhaa za dola 500 au zaidi kwa kawaida yanahitaji maandishi yaliyosainiwa na yule anayedaiwa. Barua pepe au ujumbe wa simu unaweza kukubalika kama maandishi, kwa hiyo usifute mazungumzo yenu ya kwenye simu. Na anayetaka kushtaki, kwa kawaida ana miaka minne.

Hapa mpaka wa Mutukula unaleta tofauti. Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kati ya nchi na nchi. Marekani imo, Uganda imo, Burundi imo. Tanzania haimo. Mfanyabiashara wa upande wa pili akimwuzia Mmarekani kahawa, kwa kawaida mkataba huo ndio unaotawala, isipokuwa kama wamekubaliana kuuweka kando, na wenyewe haudai maandishi. Wa upande huu aliyesaini karatasi inayotaja New York anaangukia kwenye sheria za New York.

Gharama zinabebwa na nani?

Kama kwetu, kesi za Marekani ni za jinai au za madai. Kwenye jinai serikali inashtaki na lazima ithibitishe pasipo shaka yoyote ya msingi. Kwenye madai, mtu au kampuni inadai haki yake, na inatosha ushahidi wake uwe mzito kuliko wa mwenzake. Deni la kahawa ni madai. Na huko hata kesi ya madai ya fedha inaweza kuamuliwa na jopo la raia wa kawaida, jaji akibaki kuwaeleza sheria.

Kinachowashangaza wengi ni gharama. Kwetu aliyeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za kesi. Marekani kila upande unamlipa wakili wake, hata ukishinda, mpaka mkataba au sheria maalumu iseme vingine. Kikundi kinachodai dola 20,000 kinaweza kushinda na kurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wakulima wanapoumizwa zaidi, kuliko kwenye bei.

Angalia pia jina lililosaini. Kampuni ya Marekani huandikishwa na jimbo, na nyingi kubwa zimechagua Delaware, jimbo dogo lenye mahakama maalumu ya mambo ya kampuni ambako jaji anaamua bila jopo. Kampuni ni mtu peke yake mbele ya sheria: ikifilisika, kwa kawaida huwezi kwenda kudai nyumba ya mwenye hisa. Uandikishaji unaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya ofisi ya jimbo husika.

Yule wakili alishauri kikundi kiombe kifungu cha usuluhishi, kitaje gharama zitalipwa na nani, na malipo ya awali yaingie kabla mzigo haujaondoka. Tanzania na Marekani zote zimo kwenye Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaozitaka mahakama za nchi wanachama kutekeleza uamuzi wa msuluhishi uliotolewa nchi nyingine. Kijana amempelekea mnunuzi mapendekezo hayo. Kahawa bado iko ghalani.