Dekha Ibrahim Abdi: Kutoka soko la Wajir hadi Bonde la Ufa

Mpatanishi Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka wa 1964. Usiku mmoja mwaka wa 1992, vita vya koo vikiwa vimepamba moto, alijificha na mwanawe chini ya kitanda huku risasi zikirindima. Kulipokucha, mamake alimsimulia kwamba miaka ya sitini naye alimficha Dekha vivyo hivyo. Akaazimia kizazi cha tatu kisipitie hayo.

Yeye na wanawake wenzake wa koo mbalimbali walianzia sokoni, wakaweka waangalizi ili kila mmoja auze na kununua bila kubughudhiwa kwa sababu ya ukoo wake. Kisha wakawaendea wazee. Halikuwa jambo dogo katika jamii ambamo suluhu huketiwa na wanaume. Septemba 1993 wazee hao walitoa Azimio la Al-Fatah.

Mwaka wa 2007 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Ghasia za uchaguzi zilipozuka, na Januari 2008 mauaji yakafika Nakuru na Naivasha, miji ambayo Gilgil imo katikati yake, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Concerned Citizens for Peace, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Majenerali Lazaro Sumbeiywo na Daniel Opande.

Alifariki Julai 14, 2011, kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani.